Vijiti vya Kulia vya Sheni

Kwako Baba uliyelala,

Kesho ndiyo arubaini yako. Mchele umeshapembuliwa, mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya jiko, na mdogo wangu Jillo amekwenda msikitini kuazima majamvi. Mimi nimejitenga huku upande wa kisima na daftari la mtoto wake, nakuandikia. Najua utaniambia maiti hasomi. Haya, sikuandikii usome. Nimeandika barua hii ili isomwe kwa sauti mbele ya watu, na kama waliolala wanasikia, nawe usikie.

Siku ya maziko yako nilikuwa nimekaa na wanawake, nikawasikia wazee upande wa pili wa pazia wakikusifu. Walisema mtumbwi uliouchonga wewe haukupinduka hata siku moja. Walisema wengine hupima kwa kamba, wewe ulipima kwa jicho na kamba ikaja kukubaliana nawe. Kisha mmoja akakohoa, akasema kwa ule upole wa kuudhi, "Ila mkono ulimteleza mara moja tu, kwa yule Mchina." Wote wakaitikia, "Mungu amsamehe." Nami nikaitikia, Baba. Ulimi huu unaojulikana Garsen nzima kwa ukali, uliomshinda mume na mama mkwe, ukasema amina pamoja nao.

Tangu siku hiyo sina raha. Nataka kusema yaliyokuwa, tangu mwanzo, ili jina lako lisizikwe na kosa lisilo lako.

Unakumbuka walivyokuja? Wachina wanne na mahema mawili, na kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, wakapiga kambi kwenye kile kilima cha udongo nje ya mji. Walikuja kupima tuta la barabara. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimerudi kwako na talaka yangu na sufuria zangu mbili. Hukuniuliza kitu. Ulisogeza mkeka wako tu, nipate pa kutandika wangu, na baada ya wiki ukaniambia, "Mama, wale wageni wanataka mpishi. Wewe si unapika?" Nikaenda.

Wawili sikuwajua vizuri, walikuwa wa kuinama kwenye karatasi zao. Niliowajua ni Mzee Wei, mkubwa wao, na kijana Sheni, yule mrefu. Mzee Wei aliwahi kujenga reli Tanzania ujanani, akajifunzia Kiswahili huko, na akitaka chumvi husema, "Naomba unisaidie chumvi, tafadhali," mpaka sisi wa Garsen, tunaosema "lete chumvi" tukaishia hapo, tukaona haya. Sheni Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Aliniita dada. Nikimwambia amekonda, hucheka, husema, "Dada pika mingi, mimi nene."

Kisha ikaja mvua ya Elnino. Mto ukavunja kingo zake, ukaingia mashambani, ukaingia majumbani, na asubuhi moja ukawa umechukua stoo yote ya Wachina: magunia, taa, na sanduku la vyombo vyao vya kulia. Mahema yakapona kwa kuwa juu zaidi. Nikawapa vijiko. Walikula kwa vijiko siku mbili, wameinama kimya kama watoto walioadhibiwa. Nikawaambia, "Basi kuleni kwa mkono, kama watu." Sheni akagusa wali uliokuwa ukifuka moshi, akapulizia vidole, na Mzee Wei akasema kwa adabu zake kwamba vijiti vya kulia ndivyo kitu cha kwanza mtoto wao anachofundishwa kushika, kabla ya kalamu na kabla ya jembe, na mtu mzima asiye navyo mezani hujiona amerudi uchanga.

Nikakutaja wewe. Nikasema baba yangu ni fundi wa mitumbwi, anachonga kila kitu isipokuwa uongo. Maneno haya yananichoma leo nikiyaandika.

Ulikuja mchana, na kisu chako kidogo kiunoni. Mzee Wei akakuchorea kijiti kwenye mchanga. Ukakitazama, ukasema, "Kumbe ni pondo. Pondo dogo." Na kwa kuwa ni pondo, ukafanya kama unavyofanya siku zote mtu akija kuagiza pondo la kuendeshea mtumbwi: ukachana ukindu, ule wa kusukia mikeka, ukawaita mmoja mmoja, ukawapima. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati, kisha nusu yake juu. Kila mmoja na ukindu wake, fundo moja, mafundo mawili, matatu. Wa Sheni ulikuwa na mafundo manne, na ndio mrefu kuliko wote.

Watu waliokuwa wamekimbilia kilimani na mbuzi zao walisimama kutazama, na nikaona nyuso zao zikibadilika. Kwetu mtu hupimwa kwa ukindu mara moja tu, ameshanyooshwa, ili mwanandani wa kaburi lake umtoshe. Mama mmoja akajifunika mdomo. Mzee mmoja akakuita, "Wee fundi! Wawapima watu wangali hai?"

"Na fundi cherehani je?" ukamjibu bila kugeuka. "Naye huchimba makaburi?"

Wakacheka, lakini nusu. Na Mzee Wei naye alikuwa na lake moyoni, nililiona. Alisema kwao mtu hapimiwi vijiti. Urefu ni mmoja kwa baba, kwa mkwe, kwa mgeni, hivyo usiku wa sikukuu mtu huchota jozi yoyote kwenye kopo. Wewe ukasema, "Pondo la mtu mfupi humwangusha mtu mrefu." Akainamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kukubali ustadi wa mwenzake. Vilipokuwa tayari akafunga kila jozi uzi wa rangi yake, zisichanganyike.

Mti uliotumia ni pondo lako kuukuu, lile lililokaa nasi tangu mimi mdogo. Ulisema limeshakunywa maji yote linaloweza kunywa, halitavimba wala kupinda, na halina harufu ya kuingia kwenye chakula. Ulilipasua uani kwetu, ambako maji hayakufika, ukachonga siku tatu. Mzee Wei alikuja kukaa nawe, mimi nikiwaletea chai, akakueleza. Juu pawe na pembe nne, chini pawe mviringo. Pembe nne ni ardhi, mviringo ni mbingu. "Na vidole vyako viko katikati," akasema. "Huyo ni mtu."

Ukakigeuza kijiti juani. "Mimi nadhani pembe nne ni ili kisibingirike mezani."

Mzee Wei akacheka hadi akashika magoti. "Hata hivyo pia ni kweli, mzee wangu."

Aliniambia mengi siku zile, nami nilikuwa mjeuri wa kuuliza. Kwamba kijiti kimoja hutulia na kimoja hutembea, kama nyumba ya mke na mume. Nikamuuliza, "Na anayetulia ni yupi? Maana mimi nilipewa talaka kwa kutembea." Kwamba kisu hakiletwi mezani, kila kitu hukatwa jikoni, maana wanaokula pamoja hawaoneshani chuma. Kwamba jozi za vijiti hupewa maharusi. Kwamba mtu akiwa safarini, siku yao kubwa ya mwaka mama yake humwekea jozi yake mezani na bakuli, ahesabiwe. Mama yake Sheni alikuwa akimwekea. Na miko yao: usimnyooshee mtu kijiti. Usichokore chini ya bakuli kama anayefukua kaburi. Usivisimamishe wima ndani ya wali, kwa sababu hicho ni chakula cha aliyekufa. Na usigonge ukingo wa bakuli. Nikauliza kwa nini. Akasema waombaji ndio hugonga, na wapo wenye njaa wasioonekana, wakisikia huja.

Nilicheka, nikagonga sufuria kwa mwiko wangu, ko ko ko, kumtania. Hakucheka.

Sasa nafika mahali pagumu. Nivumilie, Baba.

Ilikuwa asubuhi, nikikaanga maandazi pale kambini, kuni mbichi, moshi umenijaa machoni. Kijiko cha kugeuzia sikukiona. Nikachukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa vijiti vya Sheni, nilivyokuwa nimevisafisha. Nikageuza navyo. Kisha mtu akaita, nikaweka kimoja ukingoni mwa jiko, nikatoka. Niliporudi ncha imeshika moto. Nikakizima majini, lakini ilikuwa imeungua, nyeusi, robo ya kidole hivi.

Niliona haya. Niliona haya kwako kuliko kwa Sheni, kwa kuwa ulichonga siku tatu. Nikachukua kisu kidogo ulichonipa cha kumenyea, nikaikata ncha ile iliyoungua, nikaichonga tena mviringo, nikaisugua kwa jani la msasa, nikaipaka mafuta ya simsim. Nilijisifu. Usingekijua. Na cha pili kilikuwa kizima, kwa hiyo sikukigusa.

Hapo ndipo kosa lilipo. Ningekata vyote viwili, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mimi ni mtoto wa nchi ya pondo moja na mwiko mmoja. Niliona kijiti kilichoungua, sikuona jozi. Kwetu mwiko ukiisha ncha ni sifa ya nyumba, maana yake kuna walaji. Nilikirudisha kwenye uzi wake mwekundu, nikaendelea na maandazi.

Mchana ule ule ulikuja kambini kuwaletea mtumbwi waliouazima. Ulikuwa umesimama mlangoni pa hema. Mimi nilikuwa na sufuria ya mchuzi mkononi. Sheni akavuta vijiti vyake kwenye uzi, akavigonga mezani kidogo kuvilinganisha, kama walivyozoea wote. Akatazama. Akavigonga tena.  Mzee Wei akanyoosha mkono, akavichukua, akavisimamisha pamoja kwenye kiganja chake, na hata mimi kutoka pale niliona.

Akakuletea. "Mzee wangu," akasema polepole, "hiki ni kifupi."

Ukavipokea. Ukavilaza kiganjani. Nilikuwa nimeshika sufuria ya moto kwa kitambaa kilicholowa na sikusikia kuungua. Nilisubiri useme si wewe. Ningesema hapo, nakuapia, neno lilikuwa limefika menoni.

"Kama ni kifupi," ukasema, "basi ni mkono wangu."

Nikaweka sufuria mezani. Huo ndio ukimya wangu wa kwanza.

Mzee Wei hakukasirika. Alieleza tu, na sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema kwao virefu na vifupi vikilazwa pamoja mezani ni mbao za sanduku la maiti, maana sanduku lina mbao ndefu na mbao fupi. Hata wasioamini huvificha. Akamwambia Sheni kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, nadhani ili sisi tusikie, "Leo usiende majini." Kulikuwa na vigingi vya kukagua kwenye tuta, si mbali, kama kutoka hapa hadi sokoni. Sheni alikuwa kijana wa vitabu. Akacheka, akachukua kijiko changu, akala kidogo, akaingia mtumbwini na pondo. Wewe mwenyewe ulikuwa umemfundisha. Akaniita kutoka majini, "Dada, niwekee wali!"

Nilimwekea, nikaufunika.

Alasiri Mworma mmoja aliyekuwa akivusha ng'ombe wake akaja akikimbia, fimbo begani. Kiswahili chake kilikuwa cha haraka. "Nyinyi, mtumbwi yenu nakuja," akasema. "Peke yake. Mtu hakuna." Ukamuuliza umekwama wapi. Akatikisa kichwa. "Hapana kwama. Nakuja. Maji nakwenda chini, mtumbwi nakwenda juu."

Tukakimbia wote. Na ni kweli, Baba, sote tuliuona. Maji yale mekundu yalikuwa yakishuka na magogo na mizoga, na mtumbwi ukipanda kando ya matete, taratibu, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa nyuma anasukuma. Ukasema ni mkondo wa kando, unajirudi. Sauti yako haikuwa yako. Mtumbwi ulipotuama miguuni petu tulitazama ndani. Kukavu. Pondo limelazwa katikati, limenyooka. Na viatu vya Sheni, kimoja ubavuni mwa kimoja, ncha zake zimeelekea majini.

Mlitafuta siku tatu, na wenye mitumbwi wote, na Waorma kwenye kingo. Watu walisema mamba. Hata kitambaa hakikupatikana.

Siku ya nne Mzee Wei aliniomba bakuli la wali mweupe. Akaliweka mahali pa Sheni, nje, mbele ya hema, linatazama maji. Akachukua vile vijiti, kirefu na kifupi, na kwa mkono wake mwenyewe akavisimamisha wima ndani ya wali. 

Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama, hakuna ndege anayelia, hata mbuzi walikuwa wamelala. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia, tik. Tik tik. Kijiti kwenye ukingo wa bakuli. Niligeuka nikidhani ni Mzee Wei, naye alikuwa ameketi ndani ya hema, mikono mapajani, ananitazama. Alikuwa amesikia pia. Sauti haikutoka kwenye bakuli lililokuwa mbele yetu. Ilitoka majini, upande wa matete, na ilikuwa na subira.

"Anagonga," Mzee Wei akasema.

Ilipokoma nilikwenda kuchukua bakuli. Sitatia chumvi. Wali ulikuwa umechimbika pembeni, mashimo madogo madogo, kama mtu amejaribu kushika punje zikamponyoka, akajaribu tena. Kuku angetawanya na nyani angemwaga. Vijiti vilikuwa vimelala juu ya bakuli, na mimi nilikuwa nimeviona vikisimama.

Siku ya pili ya wali huo hivyo hivyo. Na ya tatu. Siku ya tatu mzee yule alilia mbele yangu, mtu wa adabu zile zote. Alisema, "Hawezi kula. Vijiti haviko sawa." Akanifungia kwenye kitambaa nikuletee, uvilinganishe.

Ulikuwa uani. Uliufungua ule uzi mwekundu, kisha ukainuka, ukaenda ukutani ulipotundika zile kindu nne, ukachukua ule wa mafundo manne. Nami nilikuwa nimekaa pale mlangoni namenya mihogo, nakutazama kwa jicho la pembeni. Ukalaza kijiti kirefu juu ya ukindu. Kilikuwa sawasawa, ncha kwa ncha. Ukalaza kifupi.  Ukakiinua machoni, ukakizungusha polepole, unasoma alama za kisu kama mtu anayesoma mwandiko. Wewe wachonga kwa kulia. Mimi ni mashoto. Ulinifundisha kula kwa kulia, ukashindwa kunifundisha kazi, ukasema Mungu ndiye aliyetaka. Kisu changu kilikwenda ndani ya muhogo. Ukanitazama mkono.

"Mama," ukasema, "taratibu na kisu hicho. Usije ukajikata."

 Ukachukua kijiti kilichokuwa kizima, kile ulichokichonga bila kosa, ukakikata kikawa kifupi kama changu. Ukakisugua. Kisha ukaenda jikoni na ule ukindu wa mafundo manne, ukautia motoni. Nilisimama, nikauona ukijikunja. Huo ndio uliokuwa ushahidi wako pekee duniani kwamba hukukosea.

Vijiti vile viliposimamishwa tena, adhuhuri ilipita kimya. Wali ulikuwa umepungua vizuri, kwa usafi, hadi chini. Mzee Wei aliinama mbele yako, akaosha vijiti, akavizungushia kitambaa chekundu avipeleke kwa mama yake Sheni. Maji yalipopungua wakafunga mahema wakaondoka.

Sisi tukabaki na maneno ya watu. Aliwapima wangali hai. Alichonga kwa mti wa mto, na mto ukaja kumchukua aliyeushika. Fundi gani jozi moja inamshinda? Mtu wa Kipini aliyekuwa ameagiza mtumbwi akatuma salamu kwamba amepata mwingine. Wa kijiji cha Wema hakutuma hata salamu. Mwaka ukaisha hakuna aliyekuja na mti. Ulichukua jembe, ukaenda kulima ukingoni na mgongo ule wa fundi usiozoea kuinama, na tezo lako la kuchongea likashika kutu kwenye paa la banda. Hukulalamika. Ningependa ulalamike.

Kwa nini sikusema? Nilikuwa na sababu nyingi, na zote nyembamba. Nilisema moyoni, nimeachika tayari, nikiongezewa kifo cha mgeni nitaishi wapi. Nikasema wewe ni mwanamume, jina lako ni nene, litahimili. Nikasema nitasema kesho. Mara moja nilijaribu. Ulikuwa umeshaanza kuumwa kifua, nimekuletea uji, nikasema, "Baba, vile vijiti," nawe ukanikatiza, "Maji yameshapita, mama. Uji huu hauna sukari." Nilikukasirikia! Nakuambia wazi, nilikukasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia yule mwanamume aliyeniacha. Ulinibeba bila kuniomba ruhusa, na nilipotaka kushuka ukakaza mikono.

Siamini kwamba kijiti kinaua. Naamini mamba, naamini mkondo, naamini kijana asiyesikia la mkuu. Lakini nilichokisikia adhuhuri zile nilikisikia, na hakuna sheikh atakayenitoa masikio. Namfikiria mama yule. Siku yao kubwa anaweka vijiti mezani, anaona ni vifupi kwa mkono wa mtoto wake mrefu, anajiuliza ni fundi gani huko mbali asiyejua kupima. Hata huko, Baba, jina lako linatajwa kwa kosa langu.

Na kuna jingine, ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Tangu siku ya saba baada ya kukuzika, jua likisimama, nasikia kule kwenye banda lako. Ko. Ko ko. Tezo kwenye mti. Nimemwambia Jillo, anasema ni mabati yanapanuka kwa jua. Nimekwenda kutazama. Tezo lipo mahali pake na kutu yake, hakuna gogo, hakuna mtu. Lakini chini, juu ya vumbi, jana na juzi, nimekuta vibanzi vipya, vyeupe, bado vina unyevu. Nimevifagia na sikumwambia mtu. Sheni alikuwa akigonga kwa sababu vijiti vyake havikuwa sawa. Wewe sina haja ya kuuliza unalinganisha nini. Ulikata kijiti kizima ili changu kisionekane kifupi, na sasa huwezi kulala mpaka mtu akirudishie urefu wake. Mtu huyo si wewe. Banda halina mti wa kutosha kwa kazi hiyo.

Basi nisikilize. Baba yangu hakukosea kipimo. Vijiti vya Sheni alivichonga sawa, ncha kwa ncha, kimoja kikaunguzwa na kukatwa na mwingine, naye akakubali aitwe yeye. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa hapa chini ya ukurasa, Jillo asipakose.

Nimemwomba asome barua hii kesho baada ya khitma, kabla wali haujapakuliwa, maana walioshiba hawasikii vizuri. Hajui yaliyomo. Atajua akifika kwenye maandazi, na nimemwapiza asiruke neno. Mimi nitakuwa upande wa wanawake, karibu kabisa na pazia. Baba, nimemwambia akifika mstari huu anyamaze. Watu wageukie pazia. Wakiuliza ni mkono wa nani uliokikata, nitaitika mimi.

Lala sasa, Baba. Kilichobaki niachie.

Ni mimi, binti yako mkubwa.